Kwetu Kwanza, Kisha Udzungwa

Mama mdogo Skola mpenzi,

Shikamoo. Huku nyumbani sote wazima. Bibi magoti yanamsumbua, ila sauti yake ya kufukuza kuku ni ileile. Mama anatumia cherehani chako, na kila siku analalamika kwamba kinavuta upande mmoja. Namwambia kwako hakikuvuta, labda kinamtania.

Nakuandikia kwa sababu ile safari yetu imepata siku. Tunaanza Alhamisi. Misitu yote mitatu, kwa mpangilio uleule ulioupanga wewe mkekani.

Unakikumbuka kile chumba? Nilikuwa kidato cha pili nilipovunja ungo, na Bibi akasema nitakaa ndani likizo yote, kama alivyokaa mama na kama ulivyokaa wewe. Ulifunga kibanda chako cha kushonea pale Morogoro mjini, ukapanda Matombo kuja kukaa nami. Dirisha lilizibwa kwa khanga, jua nikawa nalisikia tu kwa watoto waliokuwa wakicheza nje. Asubuhi mabibi wa ukoo walikuja kunifundisha yao. Mchana wakienda kupumzika, ulianza kunifundisha ya kwako.

"Umelala vya kutosha, mwali," ulisema siku ya kwanza. "Inuka tukatembee."

Ukafunika bakuli juu ya mkeka, likawa milima ya Uluguru. Upawa ukawa barabara ya kwenda Mikumi na kuendelea hadi Kidatu. Kule mwisho uliweka khanga zako zote zilizokunjwa, moja juu ya nyingine, ukaniambia hiyo ndiyo Udzungwa. Kitana chako cha mbao kilikuwa basi.

Ndipo uliponihadithia ulivyokwenda harusini Ifakara ukiwa msichana. Ulikaa dirishani. Mlipopita Kidatu, milima ikasogea karibu kabisa na barabara, msitu mtupu toka chini mpaka juu, na katikati ya kijani chote ukaona mstari mweupe wa maji unaning'inia. Ukamwuliza mama aliyekaa karibu yako pale ni wapi. Akakujibu ni Sanje, na kwamba ndani ya msitu ule kuna mbega wekundu, na tembo wanaopita chini ya miti bila hata kuvunja kijiti. Ulipogeuka kutazama tena, maji yalishapotea.

"Basi halikusimama, Vene," uliniambia, na ukakisukuma kitana taratibu kupita khanga. "Siku moja tutalisimamisha."

Nilikuuliza kwa nini basi tusiende huko moja kwa moja. Ukakichukua kitana ukakirudisha kwenye bakuli. "Kwanza kwetu. Wenyeji wa kule wakituuliza na kwenu kuna wanyama gani, tutawajibu nini? Kuku wa Bibi?"

Kwa hiyo kila safari ya mkekani ilianzia Kimboza, msitu ule wa chini, pembeni ya barabara tunayopita kila siku. Uliwahi kumwona humo yule mjusi wa bluu, ulipotumwa kuni ukiwa mdogo. Ulisema ni mdogo kama kidole chako cha mwisho, alikaa juu ya jani refu la mkadi, na rangi yake hujawahi kuipata kwenye kitambaa chochote, ingawa umeitafuta katika maduka yote ya mjini. Hakai popote duniani ila huku kwetu. Kutoka hapo tulipanda msitu wa juu wa Uluguru kutazama mbega na vinyonga, tukateremka mjini, tukapita Mikumi ambako swala na twiga tungewaona bure dirishani, ndipo tukafika Udzungwa. Tulikwenda na kurudi mpaka kitana kikapoteza meno. Siku niliyotolewa nje, watu walisema nimenawiri kwa kukaa ndani. Mimi na wewe tulijua nilikuwa sijakaa ndani hata kidogo.

Nakumbuka pia sheria ya mle chumbani. Mwali hasemi mbele ya wakubwa. Akiwa na neno humnong'oneza aliyekaa naye, na huyo ndiye anayelifikisha. Wewe ulikuwa ukilifikisha na nyongeza. Nilinong'ona nataka maji, ukawatangazia, "Mwali anasema anaomba maji, na kama kuna maandazi hatakataa." Bibi aliniangalia kwa jicho lile. Nami sikuweza kujitetea, maana mwali hasemi.

Kwangu mimi sheria ile haikuwa ngumu. Unajua ninavyoona aibu mbele za watu. Nilipokuja kukaa kwako mjini kwa ajili ya shule, nilipitishwa kituo mara nyingi kwa kushindwa tu kusema shusha, nikawa narudi kwa miguu na sare imeloa jasho. Hukunigombeza. Ulicheka mpaka ukaweka sindano chini, ukasema mwali wa watu wengine hutolewa, wangu amegoma kutoka. Tangu siku hiyo tukipanda gari pamoja ulikuwa ukiniitia wewe: "Shusha hapo, kuna mtu na aibu zake." Gari zima lilinitazama. Nilitamani kuingia chini ya kiti, na bado nilifurahi kwamba nimeshuka.

Halafu ukaugua mvua za mwaka jana, na ugonjwa haukutupa nafasi ya kuzoea. Kidato cha nne nimekimaliza bila wewe. Sitaandika mengi hapa, kwa sababu nimekusudia barua hii iwe ya safari.

Mvua za mwaka huu zilipoanza tulifanya misa yako ya mwaka, pale misheni. Baada ya chakula Mjomba Polikarpi aliwakalisha watu wote uani. Unamjua kaka yako, asiposema yeye hakuna kilichosemwa. Akasema mtoto amemaliza shule, aeleze anataka nini kutoka kwa wajomba zake. Nadhani alitegemea niombe simu. Watu wakanigeukia. Mama akainamisha kichwa na kuleta sikio lake karibu na mdomo wangu, ili nimnong'oneze yeye afikishe.

Nilitazama upande wako wa mkeka. Palikuwa na kikapu cha Bibi. Nikafikiri, nikinong'ona sasa, mama atafikisha nusu, tena nusu ile ya adabu. Nikainua kichwa.

"Mjomba, naomba twende Kimboza na msitu wa juu, halafu twende Udzungwa," nilisema. "Mimi, mama na Bibi. Ni safari ya mama mdogo."

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyoiagiza. Hata kuku walisogea.

Mjomba akasema Udzungwa ameielewa, watu wanatoka Ulaya kuja kuiona. Lakini Kimboza? "Nikodi gari nikamtazame mjusi? Ukutani kwangu wamejaa, mjukuu wa Waluguru, njoo uwaone bila nauli." Watu wakacheka, na mama akanivuta gauni ili nikae.

Sikukaa. "Wa bluu umewahi kumwona, Mjomba?"

Alifikiri. Amezaliwa pale, ameupita msitu ule maisha yake yote akienda na kurudi sokoni. Akasema hapana, hajawahi.

Nikamwuliza Bibi. Hajawahi. Mama naye hajawahi.

"Nyumba hii alimwona mama mdogo peke yake," nikasema. "Sasa hakuna hata mmoja wetu aliyemwona."

Mjomba alivua kofia akaitazama ndani kama kuna kitu alikisahau humo. Baadaye akasema Kimboza tutakwenda na gari lake, na ataliendesha mwenyewe. Ila akatutangazia mapema kwamba msitu wa juu hapandi kama kuna kinyonga, na kwamba mtu asimcheke. Bibi ndiye aliyeanza kumcheka.

Sasa mipango ni yangu. Nilikuwa nimeiweka safari katikati ya masika, mpaka mama aliponiuliza nani atasukuma gari kwenye tope la Matombo, nikaisogeza hadi mvua zilipokatika. Kibali cha kuingia msituni nimekiomba mwenyewe, ofisini, nikiwa nimesimama wima. Udzungwa kuna mwongozaji atakayetupandisha. Bibi amesema yeye hapandi, atakaa chini, maji yakimtaka yatashuka. Kitana chako nimekifunga kwenye khanga na kukitia mkobani.

Nina hofu kidogo, mama mdogo, lakini si ile ya zamani. Ile ilinizuia mlangoni. Hii inanifanya nipange nguo mapema. Pengine mjusi hatutamwona siku hiyo, msitu ni wake na ana haki ya kukaa ndani. Nitarudi tena. Sasa njia naijua.

Kutoka Morogoro tutapanda basi la Ifakara, kama ulivyopanda wewe. Nimechagua kiti cha dirishani, upande wa kulia, wenye milima. Tukishapita Kidatu sitalala na sitaongea na mtu. Nitakuwa natazama juu, nikingoja ule mstari mweupe. Nikiuona tu, sitamnong'oneza mama. Nitasimama mbele ya abiria wote nimwambie konda, "Sanje, shusha."

Na basi litasimama.

Lala salama, mama mdogo.

Mwali wako, aliyekwisha kutoka,
Vene