Kibali cha Msituni Chenye Picha ya Dada

Mpendwa Shangazi, shikamoo, naomba unisaidie, na ukinigombeza nitavumilia, maana mimi ni fundi cherehani na nimekaa mwaka mzima nikiitwa mwalimu. Mwalimu alikuwa dada yangu mkubwa, aliyelipia kibali cha mwaka cha kutembea katika msitu wa serikali, akafariki wiki ya pili tu, nami nikakikuta kwenye mkoba wake, nikasema niende mara moja nione alipokuwa akipumzikia, na kwa kuwa tulifanana kama shilingi kwa ya pili, askari wa getini akatazama picha, akatabasamu, "Karibu Mwalimu, wanafunzi hawajambo?" nikajibu hawajambo, basi mara moja ikawa kila Jumamosi.

Shangazi, msitu ule umeniponya, kabla yake nilikuwa silali wala sishiki mkasi, pale nalia nikitembea hadi nachoka, narudi nina hamu ya kula, namshukuru Mungu na namshukuru yule askari anayeniwekea fimbo siku za matope. Sasa kibali kimeisha, Jumamosi iliyopita nikaenda nimejikaza kusema kweli, sijafungua mdomo akanipa kibali kipya, jina la dada, kalipia mwenyewe! Akasema, "Kabla hatujamhamisha shule, binti yangu alikuwa hajui kusoma, Mwalimu, ukabaki naye baada ya masomo muhula mzima. Leo ananisomea gazeti. Tafadhali usikatae." Nikapokea. Nikisema, naogopa atafukuzwa kazi kwa kunipitisha. Nikinyamaza, nakula shukrani ya marehemu. Nifanyeje?

Fundi Niitwaye Mwalimu

Fundi, marahaba, na pole sana kwa msiba. Pole nimekupa, sasa sikiliza. Kibali si gauni, kwamba mwenyewe akiondoka utapunguza kiuno uvae wewe. Ada ile ndiyo inayoondoa magogo njiani na kumlipa huyo huyo anayekuwekea fimbo. Umepita bure mwaka mzima, ukamwongopea mtu mwema, na njia ya mwongo ni fupi, sasa umefika mwisho wake.

Nafurahi kwamba unalala na unakula. Shukuru, ila shukuru kwa sura yako.

Jumamosi hii nenda asubuhi na usivuke geti. Mweleze askari, mrudishie kibali na pesa aliyotoa, kisha nenda ofisi ya msitu na barua uliyoandika kwa mkono wako: ulimdanganya, mnafanana, picha hiyo hapo, kosa ni lako peke yako. Lipa ada ya mwaka uliopita, lipa na faini wakikutoza, ndipo uombe kibali chako. Wakikuzuia kwa muda, barabara zipo, tembea.

Lakini ukifika getini usianze na habari za kibali. Anza na msiba. Yule baba anampenda mwalimu wa mwanawe, na kila Jumamosi anakuuliza habari za darasa lake. Amefiwa mwaka mzima, Fundi, na hujamwambia.