Usiwafuate Wachaga Hispania

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Ng'ombe amezaa salama, babu yako anakohoa kidogo tu. Lakini barua yako ya kutoka Dar imeniudhi. Tangu biashara ziwe huria kampuni za utalii zimejaa, na yako inakupeleka Hispania mwezi mzima ujifunze Kihispania. Halafu unataka Madrid kwa sababu kuna Wachaga wa kukupokea. Wa nini?

Nilipochumbiwa na babu yako, Mwarusha wa Olmotonyi, niliomba nikakae kwao nijifunze Kimaasai, lugha yao. Shangazi akanipeleka kijijini hapohapo, lakini kwa Wachaga wenzetu, ati nisione upweke. Tukapika mtori wetu wa ndizi na kuongea Kichaga kutwa. Siku ya harusi mama mkwe alinishika kichwa, akanibariki kwa maneno marefu. Watu wote wakaitikia, mimi nimesimama kama gogo. Shangazi sijamsamehe hadi leo.

Nenda mji wa Salamanca, hukohuko Hispania, ambako humjui mtu. Kimaasai nilikuja kukijua, ila mama mkwe alikuwa ameshazikwa. Mpaka leo sijui aliniombea nini.

Bibi yako,
Nyumbani, Daraja Mbili