Mama Angani, Baba Kwenye Barafu

Jumapili. Nje kumekuwa kweupe tangu asubuhi, na sasa mvua inanyesha juu ya huo weupe, mvua ile mbaya inayoganda papo hapo ikigusa kitu. Matawi ya mti wa jirani yanang'aa kama yamevishwa kioo. Magharibi imeshapita. Bado sijatulia, kwa hiyo mkiona makosa ya kuchapa mnivumilie.

Ninyi mnaosoma blogu hii mnaenea kwenye kochi moja, na wawili kati yenu ni binamu zangu wa Tanga. Siwezi kujipamba mbele yenu hata nikitaka.

Yote yalianza na ujumbe wa sauti. Mama alikwenda Tanga kumuuguza Bibi aliyevunjika nyonga, na tulikuwa tunamtarajia Jumanne. Leo nimeamka nikakuta sauti yake kwenye simu, nyuma yake kelele za watu na tangazo la Kiarabu.

"Salma mwanangu, niko Doha. Wanasema safari za kesho huenda zikafutwa kwa ajili ya hiyo theluji yenu, nikawabembeleza wanipakie leo, wamekubali. Natua alasiri inshallah. Sasa nisikilize. Baba yako usimwambie. Yuko kazini, atahangaika bure. Nitamtokea hapohapo kazini kwake kama jini. Haya, wanatuita. Umekula?"

Nilipomjibu, ujumbe haukufika. Alikuwa ameshapaa usiku, nikiwa nimelala.

Kwa wasiojua: Baba anafanya kazi uwanja wa ndege, ng'ambo ya mto, kwenye kikosi kinachotunza njia za kurukia. Wakati wa joto anakata nyasi na kubadilisha taa. Theluji ikianguka wanalala hukohuko kazini. Magari yenye majembe ya chuma hutangulia yakiwa yamepangwa mshazari, kila moja likilisukumia jenzake theluji hadi ifike pembeni. Nyuma yake huja magari ya fagio, fagio la nyaya pana kuliko sebule yetu. Baba husema ni kama usafi wa asubuhi shuleni kwao, ila hakuna mwalimu wa zamu na fimbo.

Wakishafagia, Baba hupita peke yake na gari dogo lenye gurudumu la tano chini ya tumbo. Gurudumu hilo linajiburuza kwenye lami na kupima kama tairi la ndege litashika au litateleza. Namba zikitoka anazitaja redioni, na watu wa mnara wa kuongozea ndege wanazipeleka kwa marubani. Namba zikiwa mbaya, njia inafungwa.

Kikosi hicho kina desturi yao. Hakuna mkubwa aliyewawekea, wamejiwekea wenyewe. Ukiwa na mtu wako kwenye ndege inayokuja wakati wa dhoruba, unampa mwenzako ufunguo wa gari la kupimia na wewe unapanda gari la fagio. Huulizwi ni nani. Baba alitusimulia mezani kwamba kuna mzee aliwahi kutoa ufunguo kwa sababu ya mama mkwe wake, wenzake wakamwambia, "Kwa mama mkwe ungebaki nao tu." Mama alikasirika kwa utani mpaka akaondoa bakuli la mchuzi mezani.

"Anayesubiri mtu hapimi barafu," Baba alisema siku hiyo, akilifuata bakuli lake jikoni.

Leo mtu wake alikuwa angani, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na hakujua.

Nilikuwa najua mimi tu.

Nilijaribu kulifikiria jambo hili kwa utaratibu, kama ninavyofikiria insha, na nikashindwa. Nikimwambia, nimemsaliti Mama. Nisipomwambia, nimewasaliti wenzake Baba na desturi yao. Na kulikuwa na wazo jingine ambalo naona aibu kuliandika: nilitaka Baba ndiye apime. Ufunguo ungekwenda kwa kijana mgeni kikosini, ambaye Baba humsifu huku akisitasita. Kama ni Mama anayetua, nilimtaka Baba, si huyo kijana. Lakini je, akilisikia kwa mtu mwingine katikati ya kazi? Gari likayumba? Kila wazo lilizaa watoto.

Simu ya Baba hubaki kabatini akiwa kwenye njia za ndege. Namna pekee ya kumpata ni namba ya ofisi yao, imebandikwa kwenye friji. Na mimi, mnanijua. Siwezi kumpigia mtu nisiyemjua. Hata pizza naagiza kwa kubonyeza.

Basi nikafungua ile programu ya kufuatilia ndege, nikamtafuta Mama. Kindege cha njano, kilikuwa kimeshavuka Greenland. Nikakaa nacho. Kitabu cha historia kilikuwa wazi magotini na sikugeuza ukurasa hata mmoja. Kila nilipotazama dirishani, theluji ilikuwa laini zaidi, kisha ikawa punje, kisha ikaanza kulia kwenye kioo, ti ti ti, nikajua imegeuka mvua. Theluji inafagilika. Hii haifagiliki.

Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

"Salma! Fungula! Minaanguka huku!"

Alikuwa Mama Furaha, jirani yetu wa nyumba ya pili. Ametoka Uvira, anahudumia wazee majumbani kwao, na leo barabara zilimzuia kwenda. Alikuwa ameng'ang'ania chuma cha ngazi kwa mkono mmoja, na mwingine umeshika sufuria tupu inayofuka moshi. Alitaka kutusaidia kwa kuwa Baba hayupo. Alikuwa amemwaga maji ya moto kwenye ngazi zetu, na ngazi zilikuwa zimegeuka kioo kitupu.

"Mama Furaha, maji ya moto tena? Baba si alikukataza mwaka jana?"

"Barafu si maji? Nilitaka irudie maji."

"Imerudi maji, halafu imerudi barafu."

"Ukimwambia baba yako, minakukana."

Nikamvuta ndani. Alipovua kofia akanitazama vizuri, akauliza kwa nini macho yangu mekundu, ni masomo? Sijui kwa nini nilimwambia yote. Labda kwa sababu sikuwa nimeongea na mtu tangu niamke. Alinisikiliza huku akinyanyuka kidogokidogo kwenye kiti.

"Bibi ya mtu iko juu, bwana yake hajue? Aa, non. Piga simu."

"Mama amenikataza."

"Mama yako iko juu ya mawingu. Atakuchapa na nini?"

"Naogopa."

"Leta namba. Minapiga mie."

Nikamwona akilini akiwapigia watu wanaosimamia njia za ndege, akipaza sauti kwa Kifaransa. Nikasema nitapiga mwenyewe. Nikaingia bafuni kwanza nikajizoeza mbele ya kioo: mimi ni Salma, binti wa fulani, naomba afikishiwe ujumbe. Sentensi moja. Nikatoka nikabonyeza namba, Mama Furaha amesimama mbele yangu kama msimamizi wa mtihani.

Akapokea mwanamke mwenye sauti ya haraka. Nyuma yake redio zilikuwa zinakoroma, wanaume wanaitana. Akasema, "Ndiyo?" Akasema tena, "Ndiyo, nani?"

Nikasema samahani, nimekosea namba.

Nikakata.

Mama Furaha akashika kiuno. "Ile ndiyo simu?"

"Ndiyo."

"Basi tuombe."

Akakaa kwenye zulia, akaanza kumwita Yesu kwa nguvu. Mimi nikasoma Ayatul Kursi kimoyomoyo, nikapotea katikati nikaanza upya. Kindege kilikuwa kati yetu, kwenye mto wa kochi.

Kikafika juu ya Pennsylvania, jimbo jirani na letu, kikageuka, kikageuka tena. Kikawa kinachora mayai, yai juu ya yai. Mama Furaha akasema, "Iko natafuta njia?" Nikamwambia hapana, inasubiri. Na nilipolisema ndipo nilipoelewa inasubiri nini.

Inasubiri namba za Baba.

Hapa sitadanganya. Nilichoomba wakati ule hakikuwa "Mama awe salama." Niliomba namba zitoke nzuri. Sikuomba barafu iondoke, niliomba namba tu, Baba aseme redioni namba yoyote ile ya kumshusha Mama. Nikajisikia nikiomba hivyo, nikaogopa kuliko nilivyoiogopa ile mvua.

Kisha kindege kikaacha kuzunguka. Kikanyooka kuelekea mashariki na kwenda zake.

Muda uliofuata siwezi kuueleza. Niliyajua maneno yote, njia imefungwa, ndege imeelekezwa kwingine, niliyasoma zamani, na hayakunisaidia kitu. Nilikuwa najiuliza ina mafuta kiasi gani. Mama Furaha alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Simu ikalia.

"Salma! Tumetupwa Philadelphia!"

Nikabonyeza spika, Mama Furaha naye asikie.

"Wewe, unanisikia? Tumetua salama. Huku theluji ipo, lakini barafu yenu hiyo haijafika. Rubani kasema kwenu njia zote zimefungwa. Tumezungushwa juu mpaka nimetapika. Nani huyo aliyezifunga, nimlaani?"

"Mama, nadhani ni Baba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Subiri nifike," akasema. "Atanitambua." Mama Furaha akapiga vigelegele, akavaa kofia, akatoka kwa furaha moja kwa moja kwenye ngazi zake za kioo. Alishuka nusu yake kwa makalio. Aliniapia kwamba hakuumia.

Baba alipiga mara tu nilipomaliza kuswali magharibi. Sauti yake ilikuwa imechoka sana. Nilimwamkia, akaniuliza nimekula, nikasema nimekula, ingawa sijala. Akaniambia leo hawakuiweza. Walifagia, wakamwaga dawa, akapima, mbaya. Wakarudia, akapima, mbaya vilevile, wakafunga.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa kuanzia mwisho, ili asishtuke: Mama yuko Philadelphia, hajambo, amekula, alikuwa kwenye ndege ya leo.

Nilisikia mlango wa gari ukifungwa.

"Ile iliyokuwa inazunguka?"

"Ndiyo, Baba."

"Waliniuliza kwenye redio," akasema. "Waliniuliza iko moja imetoka mbali, haiwezi kuzunguka sana, je, nitapima tena? Nikasema hapana, namba ni hizihizi."

Nikasikia akiwasha gari, akalizima.

"Ningejua, ningepima tena. Na tena. Ningeipima mpaka itoe ninachokitaka."

"Ungetoa ufunguo, Baba. Si ndiyo desturi?"

"Ndiyo desturi. Na yule kijana hajawahi kupima mvua kama hii. Sijui kama ningeutoa, Salma. Usimwambie mtu." Kisha akasema, "Umefanya vizuri hukunipigia. Umetumia akili ya mtu mzima."

Nikasema asante, Baba.

Nikasema asante!

Ndiyo maana siwezi kutulia, ingawa wote wawili wako salama na ningepaswa kuwa nimelala kifudifudi kwa shukrani. Sikutumia akili yoyote. Nilimwogopa mwanamke aliyesema "nani". Kama yule mwanamke angekuwa na sauti ya pole, Baba angeambiwa mke wake yuko juu, na ufunguo mfukoni mwake, na mimi ndiye ningekuwa nimemtia katika jaribu hilo. Na kama mambo yangekwenda upande mwingine, kama kunyamaza kwangu ndiko kungeharibu kitu, ningekuwa nimenyamaza vilevile. Woga wangu haukujua unaelekea wapi. Umebahatika tu.

Na Baba ameniambia jambo lake, lile la ufunguo, ambalo nadhani hajamwambia mtu. Ameniambia kwa sababu anadhani anaongea na mtu mwenye busara.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho shule imefungwa. Baba atarudi asubuhi, atalala, barabara zikishafunguka tutaondoka kwenda Philadelphia kumchukua Mama. Nitamwambia njiani, wakati wa kwenda, kwa sababu wakati wa kurudi Mama atakuwa garini na hakuna mwingine atakayepata nafasi ya kusema. Nitamwambia nilipiga, nikakata. Nimeshajaribu sentensi hiyo bafuni, na safari hii ni fupi zaidi.

Sitabandika ukurasa huu mpaka niwe nimeisema, na Baba awe amekubali lile la ufunguo lisomwe. Kama unausoma, jua kwamba nimeshasema.