Ufadhili Uliomrudisha Ravdna Nyumbani

Gálbajávri,
Utsjoki, Ufini.
Tarehe 3 Agosti, 2022.

Mpendwa dada yangu Gáddjá,

Pokea salamu za huku kwenu, ambako mwaka huu mbu wametuzidi nguvu. U hali gani? Goti lako je, na baridi ya Hobart? Najua utacheka kusikia mimi ndiye ninayekuuliza habari za baridi, lakini shemeji Graham aliniambia kwamba nyumba za huko hazina majiko ya maana, na kwamba unalala na soksi mbili kama marehemu bibi. Mpwa wangu Toby naye, ile kazi ya bandarini aliipata?

Sisi ni wazima wa mwili. Mke wangu Elle anakula vizuri tangu aache zile dawa zilizokuwa zikimsumbua tumbo. Mimi bado nakitunza kituo cha utafiti: nachanja kuni, nawasha majiko, nawavuta wanasayansi kwa pikipiki ya theluji wakikwama. Za mwili ndizo hizo. Za moyo ndizo zilizonikalisha chini niandike, maana kwenye simu ningeishia kukuuliza tena habari za goti.

Nasikia shemeji Sunná, mke wa kaka Heaika, amekudokezea jambo la kaka na Ravdna. Ulichosikia ni kweli, ila nadhani umepewa mkia bila kichwa.

Unakumbuka vuli iliyopita nilivyokupigia kwa furaha, binti yangu alipopata ufadhili? Ni ule mfuko unaowalipia watafiti nauli, malazi na chakula ili wafanye kazi katika vituo vya mbali vya kaskazini. Miaka yote niliyokaa hapa nimewapokea watu wake: Wareno, Wapolandi, na yule Mjapani aliyelia alipoziona taa za mbinguni zikicheza usiku. Mtoto wa bonde hili alikuwa hajatokea. Ravdna aliomba akakataliwa, akaomba tena akakataliwa, na safari hii wakamkubali. Alitaka kuchunguza jinsi mvua ya majira ya baridi inavyoganda juu ya malisho ikawafungia kulungu wetu wa kufugwa chakula chao. Unajua ilivyotutenda mwaka ule tuliokuta wanyama wamekufa wamesimama. Haikuwa elimu ya kujipamba, dada. Ilikuwa shida yetu wenyewe, akaibeba mpaka chuo kikuu.

Siku tuliyokunywa kahawa ya kumpongeza, Heaika hakumpa nafasi ya kupumua. "Yaani watu wa kusini wanakulipa nauli uje ule nyama ya mama yako?" Ravdna akamweleza kwamba mfuko ni kwa ajili ya vituo vilivyo mbali. "Mbali na wapi?" kaka akauliza, na tukacheka mpaka Elle akamwaga maziwa.

Lakini Heaika huyohuyo ndiye aliyemfungulia njia. Ravdna alitaka kuweka vyombo vyake kwenye mteremko wa Stuorravággi, na ushirika wa wafugaji ulikuwa umechoka na watafiti. Wengi mkutanoni walitaka kukataa. Kaka akasimama, mtu asiyependa kusimama, akasema anamdhamini. Kwamba mtoto huyu amekulia zizini, anajua wakati wa kukanyaga na wakati wa kukaa. Akampa sharti moja tu mbele ya wote: majike wakianza kuzaa, asionekane mtu wala chombo kule juu.

Ufadhili wa namna ile una msimu wake. Unapewa wiki zako, na zikipita zimepita. Ravdna alipewa za Aprili, apande, aweke milingoti ya vipimo, ashuke kabla ndama wa kwanza hajazaliwa. Ilivyokuwa, Aprili nzima tulifungiwa na dhoruba. Helikopta ya kubebea milingoti ikabaki chini. Akawaandikia wafadhili kuomba wamsogezee hadi mwaka ujao. Wakamjibu kwa adabu na pole nyingi kwamba vituo vimejaa, na nafasi isiyotumika atapewa mwombaji mwingine. Wakamwongezea siku chache tu za mwanzo wa Mei. Msimamizi wake wa chuo naye akamwambia wazi kwamba mtafiti anayerudisha ufadhili wa kwanza haoni wa pili.

Mbingu zikafunguka Mei imeshaingia. Rubani akasema ni asubuhi hiyo au basi, ana kazi kwingine. Ravdna akampigia simu baba yake mkubwa kibandani kwake mlimani. Unajua mtandao wa kule, unaingia na kutoka kama mgeni mlevi. Hakumpata. Ujumbe wa mwisho wa Heaika ulikuwa wa siku iliyotangulia, nao ulisema kundi bado liko mashariki ya mlima.

Nilimwambia angoje, mimi nipande kwa pikipiki nikamwulize kaka. Akanitazama, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akasema, "Baba, nikingoja leo nimengoja maisha."

Nikatia mafuta nikaondoka hivyo hivyo. Helikopta ilinipita juu kabla sijafika nusu ya njia.

Usiku upepo ulikuwa umegeuka, dada. Majike walikuwa wamevuka mlima kutafuta upande uliokingwa wapate kuzaa, nao walikuwa palepale mteremkoni. Helikopta iliposhuka, kundi likatimka. Wenye ndama waliokwisha kukauka walikimbia nao. Wale ambao ndama wao walikuwa bado wabichi, hawajasimama, waliwaacha. Ravdna aliyaona yote kutoka juu. Akamsihi rubani ainuke, waondoke, lakini kuinuka ni kelele zilezile. Baadhi ya mama walirudi baadaye. Wengine hawakurudi, na baridi ya Mei unaijua.

Kesho yake wageni wa kituo walikuwa mezani wanakunywa uji. Heaika aliingia na viatu vyake, jambo asilolifanya, amebeba ndama aliyekufa mikononi. Akamlaza sakafuni mbele ya Ravdna. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Andika na huyu," akasema. Akatoka.

Tangu siku ile hajalitaja jina la binti yangu.

Ravdna aliiondoa kazi yake yote mlimani kwa mikono yake. Alingoja ndama wapate nguvu na kundi lisogee, kisha akapanda kwa miguu, akashuka na vyuma mgongoni, akapanda tena. Nilimpa pikipiki akakataa. Nilitaka kwenda naye, akakataa pia. Kisha akawaandikia wafadhili mwenyewe, kabla mtu hajamshitaki, akawaeleza lililotokea na kwamba mradi ameusimamisha. Wamemjibu kwamba wanasikitika, na kwamba hataruhusiwa kuomba tena mpaka uchunguzi uishe. Lini utaisha, hawakusema. Msimamizi wake hajajibu chochote.

Sasa anafanya kazi nami. Anafagia vyumba, anatandika vitanda vya watu waliokuja kwa mfuko uleule. Anakula kidogo sana, na anayekula kidogo kwenye meza ya Elle unajua anavyoangaliwa.

Juzi msichana mmoja mgeni, mchangamfu, asiyejua habari zetu, alimkuta jikoni akamwuliza kama anajua namna ya kuupata ufadhili ule, maana mdogo wake anautaka. Nilidhani Ravdna ataacha sufuria atoke. Akakaa. Akamweleza taratibu namna ya kuandika kusudi la utafiti, kituo kipi kina umeme wa uhakika, miezi ipi watu hawagombanii. Mwisho akamwambia, "Aombe wiki nyingi kuliko anazohitaji. Na kabla hajaomba, akawaulize wenye malisho." Msichana akashukuru, akaandika. Mimi nilitoka kwenda kuchanja kuni ambazo zilikwisha chanjwa.

Mwezi Julai wafugaji wakatia ndama alama masikioni, na hatukuitwa. Ni mara ya kwanza tangu Ravdna ajue kutembea. Zizi liko ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo tulisikia kila kitu, kwato, mbwa, watoto wa watu wakicheka. Elle alifunga madirisha akasema ni kwa sababu ya mbu.

Nikaona hapana, nikaenda kwa kaka. Nilimkuta anashona wavu. Hakuninyima kahawa, ila hakuniuliza lililonileta. Nikamwambia mtoto hali chakula, na kwamba hakufanya kwa dharau. Alibanwa na wakati.

"Wageni wakikosea wanapanda ndege wanakwenda zao," akasema. "Huyu nilimsimamia mbele za watu, Ovllá. Nikipita dukani wananiuliza, eti helikopta yako haijambo?"

Nikamwambia naye kapoteza. Kapoteza masomo, kapoteza jina.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana siwezi kumtazama."

Nikamaliza kahawa yangu nikarudi nyumbani.

Wiki ijayo ushirika unakutana. Watapiga kura kuwafungia watu wote wa kituo milima yote. Kura ikipita, sioni mfadhili atakayemlipia mtu kuja kukaa chumbani na kutazama ziwa; kituo kitakufa, na kwa umri wangu huu sijui nani atanipa kazi. Lakini nikikwambia kweli, hilo halininyimi usingizi. Kinachoninyima ni kwamba Ravdna amesema atakwenda mkutanoni kusema mwenyewe. Elle amemsihi mpaka amechoka. Unawajua watu wetu, hawapigi, lakini ulimi wao unachuna ngozi. Na sijui kaka akiwa mbele pale atafanya nini. Akinyamaza, ukimya wake utamwumiza mtoto kuliko maneno ya wote.

Jana Sunná alikuja na ndoo ya matunda ya matopeni, yale ya manjano unayoyaota huko uliko. Alikaa, akaongea habari za mvua, za bei ya mafuta, za jino la mjukuu. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni, akiwa ameinama, ndipo akasema amepewa ujumbe.

"Kaka yako kasema binti yako akija mkutanoni asikae nyuma na watu wa kituo. Akae kwenye benchi letu, ubavuni kwake."

Ravdna alikuwa jikoni anachambua yale matunda, na mlango ulikuwa wazi. Akaendelea kuchambua. Baadaye nilimwona amechukua mkate, akakata kipande kinene, akala akiwa amesimama.

Sijui, dada, kama ameitwa asamehewe au ameitwa wachapwe pamoja. Nilimwuliza Elle, akasema kwa Heaika hayo mawili ni kitu kimoja. Huenda.

Usinijibu mimi. Mwandikie Ravdna, na usimwandikie habari za haya. Mwandikie habari za bustani yako na za huyo mbwa wenu mwizi. Nasi tutakupigia mkutano ukiisha, vyovyote utakavyokwisha.

Msalimie sana shemeji Graham, na Toby umwambie mjomba wake anamdai barua. Elle anakusalimu na amekuwekea soksi za sufu. Zitakufikia kabla baridi ya kwenu haijaisha, posta ikitaka. Mungu akutunze katika nchi hiyo ya mbali, aliponye goti lako, na atupe siku ya kukaa tena meza moja, sote, bila hata mmoja kuangalia chini.

Mdogo wako ambaye hajaacha kukupenda,

Ovllá