Doto Hakuwa na Pacha

Westmead, Sydney

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kile kikohozi kimeisha, na kwamba goti la Mama limepoa kidogo kwa ile dawa ya kuchua. Mimi mwilini sina neno. Baridi ya huku imeanza, asubuhi natoka nimevaa makoti mawili kama mtu anayehama, lakini nakula na ninalala, na kwa hilo namshukuru Mungu. Kwa mengine nitamshukuru hasira ikishuka.

Ndiyo, nina hasira, na ni juu yako. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ukianza tu maneno yako nacheka, halafu tunaagana sijasema kitu. Barua anakuja nayo Dada Esperansi, Mrundi ninayefanya naye kazi, aliyekulia kambi ya wakimbizi kule Kasulu. Anakwenda Kigoma kumwona dada yake na ameahidi kushuka Nzega. Mpe chakula, mpe pa kulala, lakini usimpeleke kumwonyesha bango.

Bango hilo ndilo lililonikalisha kitako. Nilipokwambia kwamba kati ya wazee ninaowahudumia hapa yumo Doto, yule Mmarekani wa kanda zako, ulinibana wiki tatu unataka picha. Nikakueleza kwamba huku mtu kumpiga picha mzee wa watu ni kosa la kufukuzwa kazi. Ukaniambia, "Nitumie hata kidole chake tu, mwanangu, nife nimekiona." Sasa mzazi akishataja kufa, mtoto afanye nini? Nikakutumia moja, nikakuomba iishie kwenye simu yako.

Ukaipeleka kwa mtu wa mabango. Najua kwa nini. Tangu kila mtu awe na sinema kiganjani, banda lako la video limebaki la popo, na umeamua kulifungua upya. Sikulaumu kwa kulipenda banda lako. Lakini uso wa mzee wa watu, ana kitambaa shingoni na uji kidevuni, mimi nimeshika kijiko, unaukuza kama mlango? Na chini yake jina lake lote, na jina langu, na "BINTI WA HAPA HAPA NZEGA NDIYE ANAYEMLISHA"? Yule mtu wa mabango naye akaiweka mtandaoni kutangaza kazi yake.

Mzee huyo ana binti mmoja, anaishi Perth, mbali sana na hapa. Ana desturi ya kutafuta jina la baba yake mtandaoni, aone kama kuna mtu bado anamkumbuka. Safari hii akaona bango lako. Akapiga simu kazini kwangu siku hiyo hiyo.

Nikaitwa ofisini, nikaambiwa kutakuwa na kikao Alhamisi, binti mwenyewe atakuja. Kibali changu cha kuishi nchi hii kinategemea kazi hii, Baba. Wakiniondoa, natafuta mwajiri mwingine haraka, nikimkosa nafungasha. Nilimweleza Esperansi tukiwa chumba cha kubadilishia nguo. Akatikisa kichwa. "Hapa hawachekagi na privacy, dada. Kwa nini hukumwambia mzee wako amchore tu?"

Kabla sijafika kwenye kikao, kuna jambo lako lingine la zamani. Wiki ya kwanza nilipopangiwa chumba cha Mzee Orin, ndiye huyo Doto wako (wenzangu wote wanamwita Orin kavu, hata wadogo, mimi mdomo umekataa), nilikuwa namchana nywele, nikaona adabu ni kumpa pole.

"Pole kwa ndugu yako," nikamwambia.

"Ndugu gani?"

"Pacha wako. Yule aliyepigwa risasi kwenye baa."

Akanitazama kama nimemletea vidonge vya mtu mwingine. "Binti, mimi sina pacha. Aliyepigwa risasi ni mimi."

Unajua nilivyojisikia? Najua unatia chumvi. Najua Kiingereza chako ni cha kubahatisha, na kwamba maneno mengi uliyokuwa unayasema nyuma ya pazia, umeshika kipaza sauti ukitafsiri mikanda, yalikuwa yako mwenyewe. Lakini pacha sikuwahi kumtilia shaka. Nikiwa darasa la nne nilipigana na mtoto wa mwalimu aliyesema Doto amekufa. Nzega nzima ilijua: aliyekufa ni pacha wake Kulwa, Doto yuko njiani anakuja kulipa kisasi. Kumbe ulikuwa unamalizia mkanda mmoja kwa mkanda mwingine. Steringi, mwenye mkanda, hafi, na huyu kila mkanda walikuwa wanamuua, basi ukaona umzalie pacha.

Mwenyewe amenisimulia maisha yake kipande kipande, wakati wa kuoga na kunyolewa. Alianza kuimba kanisani kwa baba yake, mji mdogo kule kusini mwa Marekani. Akaenda mjini kwenye sinema ili awe mwimbaji. Wakatazama urefu wake na taya lake wakampa bastola. Mkataba baada ya mkataba, anaingia, anatisha watu, anakufa. Mara chache walimwachia aimbe kidogo kwenye baa, na hata hapo lazima apigwe risasi wimbo haujaisha. Alirekodi santuri moja, wenye kampuni wakaifungia kabatini. Mwishowe akaja Sydney na kundi la maigizo ya jukwaani, akaoa hapa, akabaki, akawa anaimba kwenye kumbi za vinywaji, watu wanakula, hawageuki. Sasa mkewe hayupo na sauti imekwisha. Hayo yote huyasema bila machozi, ila kijiko kikimponyoka anatukana ukuta.

Nilipomweleza habari za Kulwa na Doto alicheka mpaka nikamwinua akohoe. Tangu siku hiyo, kila asubuhi ananiuliza, "Leo Doto amefanya nini?" Na mimi namsimulia, kwa maneno yako. Nimemsimulia mpaka nikapenda kazi hii, Baba, na hiyo ndiyo kazi uliyotaka kunipotezea.

Alhamisi ikafika. Meneja, binti wa mzee, mimi, na mzee mwenyewe kwenye kiti chake cha magurudumu, kwa sababu alikataa kusemewa. Binti ni mama wa makamo, mpole wa sura. Akaweka simu mezani, bango lako liko pale.

"Unajua baba yangu alivyokuwa anajali sura yake?" akaniuliza. "Alikuwa hatoki kuchukua gazeti mlangoni kabla hajachana nywele."

Nikasema nimekosa. Meneja akashika kalamu. Mzee akaivuta simu, akaitazama, kisha akanigeukia.

"Baba yako alikuwa anasema juu ya filamu nzima?"

"Karibu nzima."

"Na pale nilipokuwa naimba?"

Baba, unakumbuka ulichokuwa unafanya pale. Ndipo ulipokuwa unamtangazia mwenye baiskeli mlangoni aiondoe, na kwamba karanga zimebaki vifuko vitatu, na kesho kuna mkanda wa karate. Mimi nimekulia ndani ya banda lile na sijui hata mstari mmoja wa wimbo wa mtu huyu. Nzega nzima hakuna anayeujua.

"Alinyamaza," nikasema. "Alikuwa anazima kipaza sauti. Banda lote linatulia."

Mzee akafumba macho. Binti yake akaigeuza simu kifudifudi, akatafuta kitambaa kwenye mkoba. Baadaye akamwambia meneja kwamba hataendelea na malalamiko, mradi bango lishuke na picha ifutwe kila mahali, aone kwa macho yake kabla ya mwisho wa mwezi. Nimepewa onyo la maandishi, na kazi ninayo mpaka hapo.

Nimelelewa na wewe na Mama nisiseme uongo, na nimebaki kazini kwa uongo niliousema kwa ajili yako. Inanichoma. Kinachonichoma zaidi ni kwamba mzee siku hizi haniulizi tena habari za Doto. Nikimfunga vifungo vya shati ananiimbia wimbo ule, kwa kile kisauti kilichobaki, anafika mahali anasimama, ananisubiri niitikie. Mimi nageuka, najifanya natafuta soksi.

Sasa nakuomba, na ni mara ya kwanza nakuomba kwa ukali. Shusha bango leo hii, nenda kwa yule mtu afute alichoweka, unitumie picha ya ukuta mtupu. Banda fungua, sikukatazi, na Doto aendelee kulipa kisasi. Watu wazima wa Nzega watakuja kwa ajili ya sauti yako, ndiyo waliyoijia tangu zamani.

Nisalimie Mama, umwambie kofia ya sufu aliyonifumia naivaa hata ndani. Nisalimie Bibi mzaa Mama, na Shangazi anayekuuzia karanga mlangoni, na mdogo wangu wa mwisho, mwambie ajibu ujumbe wangu.

Na siku ukiuweka ule mkanda, akifika kwenye baa, akishika gitaa, zima kipaza sauti. Wasikie mpaka risasi. Mimi nimeshasema ulinyamaza, Baba. Usinifanye mwongo.

Binti yako akupendaye na aliyekukasirikia,

Kabula