Pantaleo Mageni na Wodi ya Perege

Mwaka umetimia, Pantaleo, tangu tukuzike nyuma ya nyumba, mahali panapotazamana na tuta la lambo. Watu wa Isaka bado wanapita na kuuliza, "Mwenyekiti yupo?" halafu wanajishika mdomo. Hatuwakasirikii. Sisi wenyewe tunaacha mlango wazi kana kwamba utaingia.

Mlango huo tuuseme kwanza, maana wengi walidhani ni kiburi cha mtu asiyeogopa wezi. Ulikuwa kijana wa Uzinza, mtoto wa maji, ukaenda Geita kuchimba dhahabu ya wengine. Siku moja mwamba uliporomoka nyuma yako. Ulikaa humo gizani mpaka wenzako walipochimba na kukufikia. Hukupenda kulieleza jambo hilo. Mara moja tu ulimwambia Paskalia, mkeo, kwamba njaa ilivumilika na kiu ilivumilika. Kilichokushinda ni kukosa mtu wa kusema nawe. Tangu hapo hukulala mlango ukiwa umefungwa.

Ulihamia kwetu Isaka, ukawa seremala. Lambo lilipochimbwa ulichangamka kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake. Perege wa kwanza waliletwa kwa treni, ndani ya madebe. Ulipanda nao kutoka Mwanza, na njia nzima ulikuwa ukichota maji kwa kata na kuyamwaga tena kutoka juu ili samaki wapate hewa. Abiria walikucheka. "Huyu anapika uji usioiva," walisema. Uliposhuka, mkono wako haukuweza hata kupokea salamu.

Ndipo kikaanza Chama cha Ndoana, nawe ukawa mwenyekiti wake. Masharti yake yalikuwa mepesi. Ndoana tu, wavu hapana, sumu ya utupa hapana. Perege akikutwa na watoto mdomoni arudishwe majini. Na ile kona iliyo chini ya tuta, penye matete, wanakozalia, isivuliwe kabisa. Uliiita wodi ya wazazi. "Wanaume hawaingii wodini," ulisema. Watu wakacheka, na wakatii.

Kazi hiyo ilikufunga, tuseme ukweli. Aliyekamatwa na wavu alikununia, na asiyekamatwa alisema unapendelea. Kwenye arusi walikupa kiti, lakini hawakukaa karibu nawe. Kila mkutano uliomba upumzishwe. Marcel, yule wa reli, alikuwa wa kwanza kukataa: "Mwenyekiti, ukitoka wewe tutamchukia nani?" Ukarudi nyumbani ukiwa bado mwenyekiti. Ulimwambia Makoye, shemeji yako, kwamba kule Geita angalau walikuja kukuchimbua.

Kisha ukaja ule mwaka wa ukame. Lambo likabaki tope lenye nyufa, na maji yakabaki wodini tu. Samaki wote waliobaki hai walikuwa humo. Ulisema wakivuliwa hao, mvua ikija litajaa maji matupu. Watu walikusikiliza huku matumbo yao yakisema mengine. Wewe mwenyewe uliiweka ndoana yako darini, na watoto wako wakala mlenda kama watoto wa wengine.

Asubuhi moja zikaja habari kwamba kuna mtu wodini na tenga. Ulitoka mbio na bakora. Ng'ambo walikuwa wamesimama wanawake, kila mmoja na tenga lake, wakingoja kuona utafanya nini. Ukakatiza kwenye tope lililokauka juu, ukafika penye matete, ukachungulia, ukageuka upesi na kumpa mgongo. Alikuwa mama yake Paskalia, mkweo, nguo ameipandisha, maji yakimfika magotini.

Hapa wasiotoka kwetu waelezwe. Mama mkwe hatazamwi na mume wa binti yake, hasogelewi, hasemeshwi. Mkikutana njiani, unaingia porini mpaka apite. Mama alilijua hilo vizuri sana. Kumkamata ulikuwa huwezi, na kuondoka ulikuwa huwezi, maana ukiondoka, yale matenga ya ng'ambo yangeingia yote.

"Matete," ulisema, "mwambieni aliyeko majini kwamba humo hamvuliwi."

Mama akaliinamia tenga lake. "Tenga, mwambie huyo anayezungumza na majani kwamba nimesikia."

"Matete, mwambieni amtazame samaki mdomoni. Amebeba watoto. Siku zote hizo hali kitu, anaogopa asije akawameza."

"Tenga, mwambie mimi nina wajukuu, nao wana midomo. Mwulize watoto wa binti yangu walikula nini jana. Watoto wake yeye!"

Ng'ambo walicheka sana. "Mwenyekiti," mmoja alipiga kelele, "tuma na chura!"

Hukujibu. Mama akaona amekuweza, akazamisha tenga tena, akainua perege wengine. Kumbe wakati wote huo ulipokuwa umesimama, tope lilikuwa limepasuka chini yako, nawe ulikuwa ukizama kidogo kidogo. Aibu ilikuzuia kusema, mpaka likakupita kiuno.

Mama alisikia pumzi zako. "Tenga," alisema, sasa bila mzaha, "mwulize amepatwa na nini."

"Matete," ulisema, na sauti haikuwa yako, "nimekwama."

Hakugeuka. Alimwaga samaki wote wakarudi wodini, akalifudikiza tenga juu ya tope, akalisukuma kinyumenyume mpaka likakugusa bega, ulilalie usizidi kuzama. Kisha akapiga yowe la kumwita Makoye, mwanawe, aliyekuwa malishoni.

Makoye alikuwa mbali. Na mama alikuwa amesimuliwa na binti yake habari za Geita. Basi aliketi ukingoni, mgongo wake ukiwa kwako, akaanza kusema na lile tenga. Alilieleza habari za ndama mwenye madoa, na bei ya chumvi, na marehemu mumewe aliyekuwa akikoroma hata akiwa amekaa. Kila alipokata maneno, uliuliza, "Matete, halafu ikawaje?" Naye akaendelea. Makoye alipofika na kamba ya ngozi na ng'ombe wawili, alikuta watu wawili waliopeana migongo wakizungumza kuliko anavyozungumza yeye na mkewe. Akakuvuta. Suruali ilibaki.

Wale wa ng'ambo, matete yakiwaziba wasikuone ulivyozama, waliona jambo moja tu: mkwe wa mwenyekiti amemwaga samaki. "Kama hata yeye ameshindwa," walisema, "sisi ni nani?" Wakarudi kwao. Wewe hukuwasahihisha. Mama naye hakuwasahihisha. Mvua ilipokuja lambo likajaa, na perege wakatoka wodini wakasambaa. Watu wakashusha ndoana zao darini.

Tangu siku ile, treni ya Mwanza ikisimama ulinunua dagaa, ukawatundika kwenye ua wa mkweo na kuondoka bila kubisha hodi. Yeye alitoka akasema na ua: "Ua, mwambie leo chumvi imezidi."

Kifua ulichokitoa mgodini ndicho kilichokuchukua. Ulitaka mlango wazi, tukauacha wazi, lakini hewa haikukutosha. Siku ya mazishi Makoye alishika koleo akashindwa kurusha udongo. Alikuwa akikumbuka kwamba uliwahi kufukiwa, na kwamba safari hii hakuna atakayekuchimbua.

Mwaka huu lambo limekauka tena, Pantaleo. Maji yako wodini tu, na samaki wote wako humo. Chama hakijapata mwenyekiti, kwa sababu kila mtu anajua ulivyoishi. Tuliogopa wavu utaingia kabla ya mvua.

Lakini mama yake Paskalia amebeba kigoda chake na kukiweka kati ya kaburi lako na wodi. Anakaa hapo kila siku, mgongo kwako, macho majini, tenga tupu mapajani. Analiambia tenga maji yamefika wapi, nani amepita na wavu akarudi nao mkavu, ng'ombe yupi amezaa. Marcel alimwuliza, "Mayu, mama yetu, tukuandike mwenyekiti?" Akasema, "Kutoka siwezi tena. Andikeni mnavyotaka."

Paskalia alimsihi aingie ndani, jua ni kali. Mama akamjibu, "Huyo yuko chini ya ardhi. Nimwache bila mtu wa kusema naye?"

Wanaokukumbuka ni mkeo Paskalia. Watoto wako Donatus na Apolonia. Shemeji yako Makoye, aliyeandika haya. Wenzako wa Chama cha Ndoana. Na mkweo Sikujua, ambaye amekataa jina lake likae karibu na lako, tukamweka mwisho.

Wodi bado ina maji. Hatutaacha kukusemesha.