Sehemu ya Tatu ya Wimbo wa Odalie

New Orleans, 4 Machi 1926

Mwanangu Alcide,

Hujambo huko Chicago? Kifua je, na baridi hiyo? Mimi mzima, ila goti halinitii.

Jana kwa kinyozi Numa santuri mpya ilipigwa, nikainuka na sabuni kidevuni. Ni wimbo niliomtungia marehemu mama yako Odalie, nikampigia njiani kwenda makaburini. Sasa unakimbizwa kama kuku! Numa akasema, "Keti, mzee, nisije nikakukata sikio." Kwenye lebo jina la Odalie halimo, limo la kiongozi wa bendi yenu. Nani alimpa?

Baba yako

Chicago, 15 Machi

Baba, shikamoo.

Kifua kimepona, usingizi ndio sina. Ni mimi niliyempa. Niliupiga nikipasha tarumbeta moto, kiongozi akauliza ni wa nani. Nikajibu kama mnavyojibu nyote huko nyumbani, kwa kuona haya kujisifu: "Wa zamani tu." Akadhani hauna mwenyewe.

Ijumaa ijayo tunaurekodi upya. Anataka sehemu ya tatu, ambayo haimo kwenye santuri, ndipo aandike jina la mama. Nifanyeje?

Mwanao

New Orleans, 19 Machi

Mwanangu,

Salamu. Usimpe. Hiyo niliipiga mara moja tu, jeneza la mama yako likiingizwa kaburini.

Baba yako

Chicago, 2 Aprili

Baba, shikamoo. U mzima?

Barua yako ilinikuta nimesharekodi. Nilimtungia kiongozi sehemu ya tatu nyingine papo hapo. Jina la mama limo. Usinikasirikie.

Mwanao

New Orleans, 3 Novemba 1927

Mwanangu,

Hujambo? Nimekaa kimya mno, nisamehe.

Numa tulimzika Septemba. Chama cha mazishi kiliuomba wimbo ule. Kufika sehemu ya tatu, bendi nzima ikaenda huku, mimi kule. Mpiga trombone akanikemea, "Mzee, umekosea! Santuri haisemi hivyo." Nikamwambia nimeutunga mimi. "Ehee! Na mto Mississippi uliuchimba wewe?"

Hilo nililivumilia. Lakini juzi, Siku ya Watakatifu Wote, nilikwenda kaburini kumpigia mama yako peke yangu, na vidole vikafuata sehemu yako. Tangu hapo najaribu, yangu haiji. Wewe ulikuwepo siku ile. Kama unayo, njoo.

Baba yako

Chicago, 7 Novemba

Baba, shikamoo.

Niko kituoni, treni inaondoka saa mbili. Ninayo. Tangu barua ifike naiimba kimoyomoyo. Sisemi na mtu, nisije nikaipoteza njiani.

Mwanao